Kuwinda kwa Mchezo

Kuna maswali ambayo mtu akiulizwa na mkubwa wake humwudhi, na yale yale akiulizwa na mdogo wake humnyima usingizi. Swali ninaloliandika hapa niliulizwa na mpwa wangu, kijana anayesoma chuoni, alipokuja kunisalimu nyumbani kwangu Nakuru siku ya Jumatano. Nataka nikulize wewe pia, msomaji, kwa kuwa umri wako u karibu na wake kuliko wangu, na yamkini jibu lako litakuwa bora kuliko nililompa mimi.

Yeye na rafiki zake wanne walikuwa wamepatana kwenda kukaa Jumamosi na Jumapili katika shamba la baba wa mmoja wao, karibu na Salgaa. Kama umewahi kusafiri kutoka Nakuru kwenda Eldoret unapajua mahali hapo. Ni pale malori yaendayo Uganda yanaposimama kwa safu ndefu, madereva wakala na kulala, kabla ya kupanda mlima kuelekea Sachangwan, au baada ya kuuteremka kwa salama. Maana mteremko ule umeua watu wengi. Ukiiacha barabara kuu na kushika njia za mashamba, kelele za malori hupotea upesi, ukabaki na mahindi, migunga, mkonge na upepo.

Vijana wale walitaka kuwinda. Lakini walijua kuwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imekataza uwindaji wa burudani katika Kenya, nao si vijana wa kuvunja sheria. Basi wakatoa shauri walilolisifu wenyewe kwa werevu. Wangenunua bata mzinga watatu kwa mfugaji, wawafungulie shambani, wawape muda wa kujificha, kisha wawasake kwa pinde na mishale. Jioni wangewachoma na kuwala. Ndipo mpwa wangu akaniuliza: "Mjomba, bata mzinga hao wamefugwa wauawe. Tusipowanunua sisi, watanunuliwa na wengine wachinjwe vivyo hivyo. Wamelipiwa, na hakuna hata unyoya mmoja utakaotupwa bure. Kuna ubaya gani basi?"

Nilifungua kinywa nijibu, nikakifumba. Usidhani kuwa swali hilo ni jepesi. Mimi ni mla nyama. Sijapata kukataa kuku wa sikukuu, na kwa miaka mingi nimenunua nyama buchani bila ya kuuliza mnyama alikufa saa ngapi wala kwa namna gani. Mtu wa namna hiyo hana haki ya kumkaripia kijana kwa sababu tu damu itamwagika mbele ya macho yake badala ya nyuma ya ukuta. Tena nilikuwa na sababu ya siri ya kunyamaza, nayo nitakuambia.

Lakini kwanza niseme neno juu ya ndege mwenyewe, maana jina lake lina kichekesho. Waswahili tumemwita bata, naye si bata. Waingereza wamempa jina la nchi ya Uturuki, naye hakutoka Uturuki. Asili yake ni Marekani, na watu wa Meksiko walimfuga zamani sana kabla ya Wazungu kufika huko. Jina la Kiingereza lilikuwa la ndege mwingine: lilikuwa la kanga wetu, ambaye wafanyabiashara walimpeleka Ulaya kwa njia ya nchi za Waturuki. Wageni walipomwona ndege wa Marekani walimdhani ni jamaa yake, wakampa jina lisilokuwa lake, na kosa likadumu. Hivyo bata mzinga anatembea duniani na jina aliloazima kwa kanga wa Afrika, na katika habari yangu ndege hawa wawili watakutana tena.

Maana nami niliwahi kuwinda huko huko. Ilikuwa Januari 1977, nikiwa na umri wa miaka kumi na saba. Tulikuwa wanne, wanafunzi wa darasa moja, na mjomba wa mmoja wetu alikuwa na shamba upande wa Rongai na bunduki ya marisau aliyoimiliki kwa kibali. Mahindi yalikuwa yamekwisha vunwa, mabua yamesimama makavu, na punje zilizoanguka zilikuwa zimewaita kanga kwa makundi. Tuliamka kabla ya jua. Sijasahau baridi ya alfajiri ile, wala chai ya rangi tuliyokunywa tumesimama, wala namna tulivyotembea kwa safu bila ya kusema, kila mmoja akijiona mtu mzima. Mtu anayesema kuwa uwindaji hauna raha ama hajawinda, ama anasema uongo. Macho huona zaidi. Masikio husikia jani. Vijana wanne waliozoea kubishana kutwa huwa kitu kimoja.

Kanga ni ndege mwenye akili. Haruki upesi, hukimbia kwanza, kichwa chini, mwili wake wa madoa ukichanganyika na kivuli na mabua hata usijue umeona ndege au umeona ardhi ikisogea. Huweka wa kuangalia wakati wenzake wanakula. Usiku hulala juu ya miti. Wahenga wanasema kanga hazai ugenini, na kwa kweli mahali pale wao ndio waliokuwa wenyeji na sisi ndio wageni. Walitupoteza mara tatu asubuhi ile. Mara ya nne mwenye bunduki aliwapata wawili. Kisha, kwa ukarimu wake, akatupa kila mmoja nafasi ya kupiga mara moja, naye amesimama begani mwetu.

Mimi nilimpata wangu, lakini sikumwua. Nilimwona akianguka, akainuka, bawa moja likiburura, akaingia katika kichaka cha miiba. Tulimwendea. Tulitazama kidogo. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, wenzangu walikuwa na njaa, na mmoja alisema kwamba fisi na mbweha nao wana haki ya kula. Tulicheka, tukaenda zetu. Mchana tulikula wale wawili kwa ugali, na nyama ilikuwa tamu.

Miezi minne baadaye, Mei 1977, serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama. Watu wengi walifurahi, na wengine waliokuwa wakipata riziki kwa kuwaongoza wageni wawindaji walihuzunika. Mimi, nisiyewinda tena tangu siku ile, nilijiambia kwamba sheria imelifunga jambo. Nilikuwa nimekosea, msomaji. Sheria inaweza kufunga mlango. Haiwezi kujibu swali.

Tazama ushahidi. Ingelikuwa kuacha kuwinda kunatosha kuwaokoa wanyama, wanyama wa Kenya wangelikuwa wameongezeka. Wataalamu waliochunguza hesabu za wanyama katika nyanda za malisho za Kenya, tangu 1977 hata 2016, walikuta kuwa wamepungua kwa kadiri ya asilimia 68. Mashamba, nyua, mifugo na idadi ya watu vimefanya kazi ambayo wawindaji wa leseni hawakuifanya. Na huko Marekani, ambako bata mzinga wa mwituni walikuwa wamekaribia kwisha mwanzoni mwa karne ya 20, wamerudi kwa mamilioni. Na sehemu kubwa ya fedha iliyowarudisha ni kodi ya bunduki na risasi iliyotengwa kwa kazi hiyo na sheria ya mwaka 1937. Mwindaji amelipia uhai wa windo lake. Jambo hili halimpendezi mtu anayependa hadithi zenye mbaya mmoja na mwema mmoja, lakini ndivyo lilivyo.

Tena, sheria huweza kumwita mkosaji mtu asiye na dhambi. Katika msitu wa Mau, ambao unauona ukiwa Salgaa ukielekeza macho yako kusini na magharibi, wanaishi Waogiek, watu wa asali na wa windo tangu zamani za mababu. Wao hawakuwinda kwa burudani. Waliwinda kama jirani zao walivyolima. Wakafukuzwa msituni mara nyingi, mpaka kesi yao ikafika mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mjini Arusha, ambayo tarehe 26 Mei 2017 ilitoa hukumu kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Walakini sheria ile ile ya 2013 inakataza hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Basi Mwogiek akitega mtego ili wanawe wale, amekosa. Na mpwa wangu, akimfungulia bata mzinga ili amkimbize kwa kicheko, pengine asihesabiwe kuwa amewinda kitu. Nilisema pengine, kwa sababu iko pia sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, na hakimu angeweza kumtazama kwa jicho jingine. Lakini sikutaka kumtisha kijana kwa hakimu. Aliniuliza juu ya ubaya, hakuniuliza juu ya faini.

Nilimsimulia habari ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani. Mwaka 1902 alikwenda kuwinda dubu katika jimbo la Mississippi, asipate. Waliomfuatana naye, wakitaka kumpendeza, walimkamata dubu mmoja, wakamfunga mtini, wakamwita Rais aje apige. Alikataa, aliona ni aibu kumpiga mnyama aliyefungwa. Gazeti likachora picha ya jambo hilo, na kutokana na picha ile dunia ikapata mwanasesere wa dubu ambaye watoto hulala naye mpaka leo. Habari huishia hapo kwa kawaida, kwa kuwa hapo ni pazuri. Lakini yule dubu alikuwa ameumizwa, na Roosevelt aliamuru auawe kwa kisu ili asiendelee kuteseka. Na mwaka 1909 mtu huyo huyo alishuka Mombasa, akapita nchi hizi hata Sudan, na hesabu aliyoiandika mwenyewe ni kwamba yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Wengi wao walipelekwa katika jumba la makumbusho mjini Washington.

"Sasa Mjomba," mpwa wangu akasema, "huyo ni mwema au ni mbaya?"

Nilimwambia sijui, lakini najua kwamba aliona tofauti katika jambo la dubu, na tofauti hiyo ndiyo tunayoitafuta. Dubu wa mwituni na dubu wa mtini wote wawili wangekufa kwa risasi ile ile. Tofauti si kifo. Basi ni nini?

Kijana, kwa kuwa amesoma, alinijibu kwa jina la Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani wa karne ya 18. Kwa maoni yake, mtu hana deni kwa mnyama mwenyewe, lakini akizoea kumtesa mnyama moyo wake huwa mgumu, na kesho atawatesa watu. Mpwa wangu akaongeza kwamba yeye na rafiki zake hawana hatari hiyo: mmoja anasomea uuguzi, mwingine ni mwimbaji wa kwaya. Jibu la Kant lina kweli ndani yake, ila mimi halijapata kunitosheleza. Linamfanya mnyama kuwa kioo tu cha kutazamia nyuso zetu. Kanga wangu hakulia kichakani kwa faida ya tabia yangu. Namwona kuwa karibu zaidi na haki yule Mwingereza Jeremy Bentham, ambaye mwaka 1789 aliandika kwamba jambo la kuulizwa juu ya mnyama si kama ana akili au ana lugha, bali kama anaumia. Na wahenga wetu walikuwa wamekwisha kulisema kwa kejeli, kwa maneno machache: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.

Lakini hata Bentham hatutoshi hapa. Kwa maana kijana alikuwa na hoja nyingine, na hoja hiyo, nakiri, ilinipiga. Alisema: "Kuku wa siku hizi hufungwa katika vyumba vya waya tangu kuzaliwa, hajui jua, na wewe unamla. Bata mzinga wetu wameishi uwanjani, na taabu yao itakuwa ya nusu saa. Kama ni hesabu ya maumivu, mimi nimekushinda."

Kama ni hesabu ya maumivu, kweli alinishinda. Wala usijaribu, msomaji, kulikimbia neno hilo kwa kusema kwamba wewe humwoni yule kuku. Kutomwona ndiyo mashtaka yenyewe. Ila deni la mtu mmoja halilipi deni la mwingine. Nikiwa nina hatia ya kuku, hatia hiyo haimpi yeye ruhusa ya bata mzinga. Inatupa kazi mbili badala ya moja.

Nikamwuliza: "Mwaweza kuwachinja asubuhi, mkawala mchana. Mtakuwa na nyama ile ile, na fedha zitakuwa zimetumika zile zile. Kwa nini hamtaki?"

Akasema: "Hapo hakuna mchezo."

Basi mchezo ni nini? Ukiondoa nyama, ukiondoa kifo, kinachobaki ambacho vijana wale walitaka kukinunua ni kukimbia kwake: shingo iliyonyooshwa, kugeuka huku na huku, hofu. Anayechinja vizuri hufanya bidii ili hofu iwe ndogo. Hunoa kisu. Waislamu wamefundishwa kumstarehesha mnyama wa kuchinjwa, na mafundisho hayo hayo yanakataza kumfanya kiumbe hai kuwa shabaha ya kulengea. Mchinjaji, kama angeweza kupata nyama bila ya maumivu, angefurahi. Msasi wa mchezo hangefurahi, maana kwake maumivu si gharama ya njiani. Ni sehemu ya bidhaa. Hapo ndipo ninapoona ubaya, wala sidhani kwamba unapungua kwa kuwa bidhaa imelipiwa.

Utasema, na yeye alisema: "Na kanga wa 1977 hakuogopa?" Aliogopa. Lakini hofu ya kanga ni mali yake. Ni silaha aliyopewa, nayo ilimwokoa mara tatu asubuhi ile mbele ya macho yetu. Sisi tuliingia kwake, tukashindana na ujuzi wake, na wengi wao walishinda. Bata mzinga wa kufugwa hana silaha hiyo. Binadamu amemwondolea mabawa kwa kumnenepesha, akamwondolea woga kwa kumlisha. Ukimfungulia hatajificha. Atasimama. Na akimwona mtu ameshika kopo la mahindi, atamfuata, kwa sababu mtu ndiye aliyemfundisha kufuata. Kumpiga mshale hapo ni kumpiga dubu wa mtini. Kamba tu ndiyo isiyoonekana.

Nalisema hili, na papo hapo naona tundu katika hoja yangu. Kwani mchinjaji naye hautumii uaminifu huo huo? Humwita kuku kwa punje, akamkamata. Ndiyo. Kila anayefuga ili ale anabeba uzito huo, na wako watu wema duniani ambao kwa ajili yake wameacha nyama kabisa. Sina la kuwapinga, ila udhaifu wangu. Lakini iko njia ya kubeba uzito kwa haya, na iko njia ya kuucheza kama mpira, na asiyeona tofauti ya hayo mawili simwelewi.

Mpwa wangu alinisikiliza kwa adabu, akanywa chai yake, akaniaga. Hakuniahidi kitu, nami sikumwomba ahadi. Mtu wa umri wake anatoka katika nyumba ya mjomba na kuingia katika kundi la rafiki zake, na huko sauti ni nyingine. Sikumlaumu. Nilikumbuka jinsi nilivyocheka penye kile kichaka mwaka 1977, kwa sababu wenzangu walikuwa wakicheka.

Jumatatu alinipigia simu. Walikuwa wamekwenda. Yeye alikuwa amesema shamba zima kwamba jambo lile halimpendezi, wakamtania, wakamwita mchungaji. Naye akabaki, kwa kuwa hakutaka kuondoka peke yake usiku mpaka barabarani Salgaa. Bata mzinga wawili hawakwenda popote. Walizunguka katika nyasi, wakarudi uani, na wenye pinde wakaona haya kidogo, wakawaacha. Wa tatu alipigwa mshale wa paja na kijana aliyekuwa na pupa, akatimka, akapotea katika mkonge.

Wale wengine walisema atakufa mwenyewe. Mpwa wangu alichukua tochi. Alitafuta tangu magharibi mpaka karibu na saa nne ya usiku, miiba ya mkonge ikimchana mikono, na rafiki yake mmoja, yule anayesomea uuguzi, akaja kumsaidia. Walimkuta chini ya mkonge mkubwa, hai, amenyamaza. Mpwa wangu hakuwa amechinja kitu maishani mwake. Alichinja. Alisema mikono yake ilitetemeka, na kisu hakikuwa kikali kama inavyopasa, na jambo hilo linamsumbua kuliko yote.

"Mlimla?" nikamwuliza.

"Tulimla, Mjomba. Nami nilikula."

Akanyamaza kidogo, na kwa nyuma nilisikia magari ya mjini. Kisha akaniuliza lile ambalo sikumsimulia siku ya Jumatano. Maana nilikuwa nimemwambia habari ya kanga wawili tuliowala, na ya yule wa tatu nilimwambia tu kwamba alijeruhiwa na kupotea.

"Na wewe," akasema, "wako ulimtafuta kwa muda gani?"

Nikamwambia kwamba tulitazama kwa muda wa dakika mbili, labda tatu, na kwamba ni mimi niliyekuwa wa kwanza kugeuka.